Hatua za Makuzi ya Mtoto Ndani ya Simu: Nani Atakayeyasoma Majibu?

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alimleta kwangu mwanawe wa miezi 11 aliyekuwa akikohoa. Nilimpima mtoto, nikasikiliza mapafu yake, nikamweleza mama namna ya kumtunza nyumbani. Alipokuwa akiinuka kuondoka, alitoa simu mkobani akasema, "Samahani daktari, naomba nikuulize jambo moja. Humu kwenye simu huwa wananiuliza kama mtoto anageuka akiitwa jina lake, na kama anatamka 'ba-ba' au 'ma-ma'. Huu ni mwezi wa tatu najibu bado." Nje ya mlango foleni ilikuwa ndefu. Nikampa jibu ambalo wengi wetu katika taaluma hii tumewahi kulitoa: "Watoto hawalingani, mama. Wengine huchelewa kusema, hasa wavulana. Tusubiri kidogo."

Alirudi mtoto akiwa na miaka 2 na miezi 3. Hakuwa na neno hata moja. Kipimo cha usikivu kilionyesha kwamba sauti ya mazungumzo ya kawaida haikuwa ikimfikia katika sikio lolote. Nilipolifungua faili letu nilikuta kikohozi, kuharisha, uzito na dawa. Mama alipoifungua simu yake nilikuta swali, jibu na tarehe, mwezi baada ya mwezi. Historia ya tatizo la mtoto yule ilikuwa imeandikwa vizuri zaidi na mama yake kuliko na sisi. Tulikuwa tumepoteza miezi 16, na aliyesema "tusubiri" nilikuwa mimi. Ninakisimulia kisa hiki kwa ridhaa ya mama huyo, nikiwa nimeondoa yote yanayoweza kumtambulisha.

Kila unapozuka mjadala kuhusu programu tumizi za simu zinazofuatilia hatua za makuzi ya mtoto, swali linaloulizwa kwanza huwa ni hili: je, wazazi wetu wataweza kuzitumia? Kwa maoni yangu swali hilo limeelekezwa kwa mtu asiyehusika. Mama yule aliweza. Programu nayo ilifanya kazi yake. Kilichokatika ni kiungo cha mwisho, yaani mtaalamu aliyepaswa kusikiliza na kuchukua hatua. Ndiyo maana msimamo wangu ni kwamba programu hizi tuzikaribishe kama shahidi, wala tusizifanye hakimu. Na kabla hatujawahimiza wazazi kuzipakua, sisi wahudumu wa afya tuahidi kwanza kwamba majibu yao yatasomwa.

Mzani hauwezi kusema kila kitu

Kadi ya kliniki imeokoa watoto wengi. Mchoro wake wa uzito umetufundisha kumtambua mtoto anayedumaa au anayepungua kabla hali haijawa mbaya. Lakini mtoto anaweza kuongezeka uzito vizuri kila mwezi huku hasikii, haoni vema, au misuli ya mwili wake imekakamaa kutokana na mtindio wa ubongo. Ukuaji wa mwili hupimwa kwa mzani na utepe. Maendeleo ya mtoto hupimwa kwa kumtazama anavyofanya mambo: anavyotabasamu anapozungumzishwa, anavyogeukia sauti, anavyokaa, anavyoshika, anavyotembea, anavyosema na anavyocheza na wenzake.

Ukubwa wa jambo hili si mdogo. Makala zilizochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2016 zilikadiria kuwa watoto wapatao milioni 250 wenye umri wa chini ya miaka 5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati, sawa na asilimia 43 ya watoto wa umri huo, walikuwa katika hatari ya kutofikia uwezo wao kamili wa maendeleo. Tanzania imelitambua hilo, na Desemba 2021 ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Sera ipo. Swali ni kama sera hiyo inafika kwenye benchi la kliniki asubuhi ya siku ya chanjo.

Hebu tutazame ratiba ya chanjo yenyewe. Mtoto huchanjwa anapozaliwa, kisha akiwa na wiki 6, 10 na 14, halafu miezi 9, na baadaye miezi 18. Mama hutakiwa kumleta pia kila mwezi kupima uzito, lakini sote tunajua kwamba wengi huja siku za sindano tu. Kati ya mwezi wa 9 na wa 18 kuna pengo la miezi 9. Katika pengo hilo hilo ndipo mtoto anaposimama, anapopiga hatua ya kwanza, anapoelewa maneno na kuanza kuyatamka. Ndipo pia mtoto asiyesikia anapoanza kuachwa nyuma na wenzake bila kupiga kelele yoyote. Sisi hatupo hapo. Simu ya mama ipo.

Faida yake ya kweli

Programu nzuri ya aina hii hufanya mambo matatu ambayo kumbukumbu ya binadamu huyafanya kwa shida. Kwanza, humkumbusha mzazi kutazama. Pili, humpa maneno ya kuueleza wasiwasi wake. Mama anayesema "mtoto wangu simwelewi" hupuuzwa kwa urahisi. Anayesema "ana miezi 9 na bado hawezi kukaa bila kushikiliwa" ametupa taarifa ya kitabibu. Tatu, huhifadhi tarehe. Tofauti kati ya mtoto aliyechelewa kusema maneno na mtoto aliyeanza kuyasema kisha akayapoteza ni kubwa sana katika utambuzi, na ni vigumu kuikumbuka baada ya mwaka kupita.

Mfano unaojulikana zaidi ni programu ya Milestone Tracker ya Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, iliyotolewa mwaka 2017. Hutolewa bila malipo na huhusu watoto wa miezi 2 hadi miaka 5. Mwaka 2022 orodha ya CDC ilirekebishwa kwa namna inayostahili kueleweka na kila anayeitumia. Awali hatua nyingi ziliwekwa kwenye umri ambao nusu ya watoto huwa wamezifikia. Sasa zimewekwa kwenye umri ambao asilimia 75 au zaidi ya watoto wanatarajiwa kuwa wamezifikia. Kwa hiyo alama ya "bado" katika orodha mpya ina uzito zaidi kuliko zamani, na jibu la "tusubiri" lina nafasi ndogo zaidi.

Karibu na nyumbani, Zanzibar imeonyesha njia nyingine kupitia mpango wa Jamii ni Afya, ambapo wahudumu wa afya wa jamii hutembelea kaya wakiwa na simu yenye programu inayowaongoza. Ninalolipenda katika mpango huo ni kwamba simu haiendi peke yake. Inafuatana na mtu anayemfahamu mama, anayejua kituo cha karibu, na anayeweza kurudi wiki ijayo kuuliza kama rufaa ilifuatwa.

Pale inapoweza kutupotosha

Haitakuwa haki kuzisifu programu hizi bila kutaja mipaka yake, na mipaka hiyo mzazi anastahili kuijua pamoja nasi.

Ya kwanza ni kwamba maswali mengi yametungwa kwa ajili ya watoto wa mazingira mengine. Niliwahi kuonana na mama aliyekosa usingizi kwa sababu mwanawe wa miezi 10 hakutambaa, ilhali alikaa vizuri na kusimama akishikilia kiti. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, uliofuatilia hatua za misuli kwa watoto wa Ghana, India, Marekani, Norwei na Omani, ulionyesha kwamba asilimia 4.3 ya watoto hao hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Utafiti huo huo ulionyesha upana wa yaliyo ya kawaida: kukaa bila msaada kati ya miezi 3.8 na 9.2, na kutembea peke yake kati ya miezi 8.2 na 17.6. CDC yenyewe iliondoa kutambaa kwenye orodha yake mwaka 2022. Vivyo hivyo, mtoto anayeishi katika nyumba isiyo na ngazi hawezi kuulizwa kama anapanda ngazi, na mtoto wa familia inayokula kwa mkono hapungukiwi na lolote kwa kutojua kushika uma.

Kwa bahati nzuri, bara letu halikukaa bure. Wataalamu waliounda kipimo cha maendeleo ya mtoto nchini Malawi, kilichochapishwa mwaka 2010, waliyapitia maswali yaliyotoka katika vipimo vya Magharibi, wakayabadilisha au kuyaacha yale yasiyoendana na maisha ya kijijini. Kilifi, pwani ya Kenya, nako kuliundwa kipimo chake. Na vipimo vya kimataifa vya maendeleo ya awali vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 kwa watoto wa chini ya miaka 3 vilijaribiwa kwanza katika nchi tatu: Bangladeshi, Pakistani na Tanzania, ambako kazi hiyo ilifanyika Pemba. Watoto wa Kipemba wamechangia kuujulisha ulimwengu namna mtoto anavyokua. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba vipimo hivyo vya mwaka 2023 vimekusudiwa kupima hali ya jamii nzima. Havikutengenezwa ili kumtangazia mama mmoja kwamba mwanawe ana tatizo.

Mpaka wa pili ni umri. Mtoto njiti aliyezaliwa kwa wiki 32 amewahi kwa wiki 8. Akifikisha miezi 9 tangu kuzaliwa, tunapaswa kumtazama kama mtoto wa miezi 7 hivi, na kuendelea kufanya marekebisho hayo mpaka afikishe miaka 2. Programu isiyouliza mimba ilikuwa na wiki ngapi itawatia hofu bure wazazi wa watoto njiti, ambao tayari wamepitia hofu ya kutosha.

Mpaka wa tatu ndio ninaouogopa zaidi: faraja ya uongo. Rangi ya kijani kwenye kioo cha simu si cheti cha afya. Mzazi anayempenda mwanawe huvutwa kujibu "ndiyo", na wakati mwingine anayejibu maswali siye anayeshinda na mtoto. Mara nyingi bibi au dada wa nyumbani ndiye wa kwanza kusema, "Huyu mtoto hashtuki hata mlango ukibamizwa." Neno hilo la bibi lina thamani kuliko alama kumi za kijani.

Mpaka wa nne ni usiri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Mzazi ana haki ya kujua taarifa za mwanawe zinahifadhiwa wapi, zinaonwa na nani, na kama zinauzwa kwa watangazaji wa maziwa ya kopo. Programu isiyolijibu swali hilo kwa Kiswahili kinachoeleweka haistahili kupendekezwa na kituo chochote cha afya.

Mwisho, wapo wasio na simu janja, wasio na bando, au ambao simu ya nyumba ni ya baba na hushinda naye kazini. Iwapo huduma hii itapatikana kwa simu peke yake, tutakuwa tumemsaidia aliyekwisha kusaidika. Maswali yale yale yaandikwe pia kwenye karatasi na kubandikwa kwenye ukuta wa kliniki.

"Tukimgundua, tutampeleka wapi?"

Wenzangu wengi hunikabili na hoja nzito. Wanasema: wataalamu wa fiziotherapia ni wachache, wa matatizo ya usemi ni wachache zaidi, na vipimo vya usikivu vinapatikana katika hospitali chache. Kuna faida gani kumwambia mama wa wilayani kwamba mwanawe ana tatizo, kisha tumwache na maneno hayo?

Hoja hii siipuuzi. Kumgundua mtoto bila kuwa na pa kumpeleka ni kumtwika mama mzigo na kumfungia njia. Hata hivyo, nimejifunza kwamba hoja hiyo hutumika mara nyingi kuhalalisha kutotazama kabisa. Yapo mengi yanayoweza kuanza leo katika zahanati ya kawaida. Sikio linalotoa usaha hutibiwa. Upungufu wa damu hutibiwa. Mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuonyeshwa namna ya kumbeba, kumkalisha na kumlisha bila kupaliwa, na hilo peke yake huweza kumwepusha na nimonia na utapiamlo. Mtoto asiyesikia anaweza kuanza kuzungumzishwa kwa ishara siku hiyo hiyo, kwa kuwa ubongo unahitaji lugha, iwe ya sauti au ya mikono. Katika nchi zinazopima usikivu wa watoto wachanga, lengo ni kupima kabla ya mwezi 1, kuthibitisha kabla ya miezi 3 na kuanza msaada kabla ya miezi 6. Sisi hatujafika huko, lakini kati ya miezi 6 na miaka 2 na miezi 3 kuna nafasi kubwa ya kufanya vizuri zaidi kuliko nilivyofanya mimi.

Tena, huduma haziongezwi pale ambapo hakuna aliyehesabu wanaozihitaji. Mtoto asiyeandikwa popote hawezi kuombewa bajeti.

Ombi kwa wahudumu wa afya

Kwa muuguzi, tabibu na daktari mwenzangu, ombi langu halihitaji kifaa chochote. Katika kila hudhurio, hata la kikohozi, tuulize swali moja: "Mama, kuna lolote kuhusu mtoto anavyosikia, anavyoona, anavyotembea, anavyosema au anavyocheza linalokutia wasiwasi?" Akijibu ndiyo, tuandike kwenye kadi pamoja na tarehe. Akitoa simu, tuisome. Dakika mbili zinatosha.

Na neno "tusubiri" lisitoke vinywani mwetu bila tarehe. "Rudi baada ya wiki nne, tumtazame tena kwa jambo hili hili" ni mpango wa tiba. "Tusubiri kidogo" ni kumfungia mama mlango kwa upole.

Yapo mambo yasiyostahili kusubiriwa hata kidogo: mtoto asiyegeukia sauti, mtoto asiyekaa bila msaada akiwa na miezi 9, anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, asiyetembea akiwa na miezi 18, asiyeunganisha maneno mawili akiwa na miaka 2, na mtoto wa umri wowote aliyepoteza uwezo aliokwisha kuupata. Watoto waliowahi kuugua homa ya uti wa mgongo, umanjano mkali wa watoto wachanga, au waliochelewa kulia walipozaliwa, wafuatiliwe hata kama mzazi hajalalamika.

Neno kwa wazazi na walezi

Kwako mzazi, kama una programu hiyo katika simu yako, itumie kama daftari. Jibu kwa ukweli, ukimuuliza pia anayeshinda na mtoto. Jambo ambalo hujawahi kumwona akilifanya, mjaribu kwanza, usikisie. Ukiona "bado", usikae nalo peke yako wala usimlaumu mtu, kwa maana kuchelewa kwa mtoto si adhabu wala aibu ya ukoo. Ukifika kliniki, lisema mwanzo kabla ya kikohozi. Na ukijibiwa kwamba watoto hawalingani, uliza kwa heshima: "Nirudi lini, daktari?" Una haki ya kupewa siku.

Tena simu ibaki mkononi mwako. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi kabisa mtoto wa chini ya miaka 2 kukaa mbele ya kioo, na kwa mwenye miaka 2 hadi 4 hautaki izidi saa 1 kwa siku. Programu inaweza kukukumbusha kumwimbia mtoto, kumwita jina, kumpa kikombe na kijiko achezee. Kumwimbia utamwimbia wewe.

Mtoto niliyeanza naye sasa anasoma. Ana vifaa vya kumsaidia kusikia, anajifunza Lugha ya Alama, na mama yake ameijifunza pamoja naye. Alipomleta mara ya mwisho alizungumza naye kwa mikono kwa kasi ambayo sikuweza kuifuata. Hakunilaumu, na kutolaumiwa huko hakujanipunguzia chochote. Tangu hapo, mzazi anapofika mlangoni kisha akageuka na kusema "Samahani daktari, jambo moja tu," namwomba arudi aketi, hata kama foleni ni ndefu.